Tangazo la Serengeti Linasema na Nani?

Kwa desturi ya Wakurya wa Tarime, mtu asimamapo mbele ya iritongo, yaani baraza la watu wa ukoo, jambo la kwanza analolipima ni wasikilizaji wake. Hutazama ni nani waliokaa mbele yake: wazee, vijana, au wageni waliokuja na shauri lao. Jambo lilelile likisemwa mbele ya wazee huwa na sura moja, na likisemwa mbele ya wageni huwa na sura nyingine. Neno halirushwi hewani. Neno huelekezwa kwa mtu. Tungependa kulichukua funzo hilo la wazee wetu na kulipeleka mahali ambapo halijazoea kupelekwa, nako ni kwenye matangazo ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Wengi wetu tumezoea kuyahesabu matangazo hayo kuwa ni shughuli ya biashara tu. Tunaiona picha ya nyumbu wakivuka Mto Mara, au ya simba aliyelala juu ya jabali, tunafurahi kwamba nchi yetu inasifiwa, kisha tunapita. Atakayeuliza picha hiyo inamsemesha nani ataonekana mtu wa kutafuta ugomvi. Hata hivyo swali hilo tunaliuliza, na tunaliuliza katika kitabu cha utamaduni wala si katika kitabu cha biashara, kwa sababu tunaamini kwamba jibu lake ni la utamaduni.

Hoja yetu ni hii. Kwa muda wa zaidi ya miaka 100 tangazo la Serengeti limembadilisha msikilizaji wake mara nyingi. Kila lilipombadilisha, ardhi yenyewe pamoja na watu wake vilielezwa upya, na mara nyingine vilipangwa upya, ili vilingane na ahadi aliyopewa msikilizaji huyo mpya. Na katika mabadiliko yote hayo yuko mtu mmoja ambaye hajapata kusemeshwa kama mwenye nyumba. Mtu huyo ni mwananchi wa Tarime na wa Serengeti.

Tuanze na msikilizaji wa kwanza, ambaye alikuwa mwindaji. Mwaka 1913 Mmarekani mmoja, Stewart Edward White, alitoka Nairobi akaelekea kusini na msafara wake mpaka akafika katika nyika hizi. Aliporudi kwao aliandika kitabu, kikatoka mwaka 1915, na jina lake lilitangaza kwamba hii ni nchi iliyogunduliwa upya. Msomaji na ajiulize: iligunduliwa na nani, na ilikuwa imepotezwa na nani? Wakati huo Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga boma Ikoma. Na kabla ya boma hilo, Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na Waikizu walikuwa wakiishi upande huu wa magharibi, wakilima, wakifuga na kuwinda, huku Wakurya wakikaa upande wa kaskazini na Wamasai wakichunga katika nyanda za mashariki. Nchi haikuwa imempotea mtu yeyote.

Ni kweli kwamba White aliona ukimya mkubwa, tena mahali pengi pasipo na watu. Lakini ukimya ule haukuwa wa maumbile. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliwafyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, ukawafyeka na nyumbu na nyati, na nyuma yake ikafuata njaa, na ndui pamoja nayo. Watu walikufa, wengine wakahama, na mahali walipokuwa wakilima na kuchoma nyasi pakaota vichaka. Mgeni akafika kwenye nyumba iliyofiwa, akaona ua hauna watu, akaandika kwamba nyumba hii haijapata kukaliwa. Huo ndio msingi wa sifa ambayo matangazo yanaibeba hata leo, sifa ya nchi ambayo haijaguswa na mkono wa binadamu.

Mwaka 1925 White alikuja Tanganyika tena, safari hii akiwa na Wamarekani wenzake wawili, Saxton Pope na Arthur Young. Shabaha yao ilikuwa kuwapiga simba kwa upinde na mshale. Mwaka uliofuata Pope alitoa kitabu juu ya safari hiyo, na wasomaji wa Marekani wakawaona kuwa mashujaa. Hapa tunamwomba mwanafunzi asimame kidogo afikiri. Upinde ule ule mkononi mwa Mmarekani uliitwa ushujaa. Mkononi mwa Mwikoma uliitwa, na unaitwa, ujangili. Sehemu ya Serengeti ilifanywa pori la akiba mwaka 1921, na hifadhi hiyo ikaimarishwa mwaka 1929, kwa kuwa wawindaji wenye bunduki walikuwa wamewapunguza simba mno. Aliyepunguza alikuwa mgeni. Lakini sheria iliyokuja na kukomaa baada ya hapo ilimlemea mwenyeji kuliko mtu mwingine yeyote, kwa maana mgeni aliyekatazwa kuwinda alikuwa na kwao kwa kurudi.

Msikilizaji wa pili alikuwa mtazamaji wa sinema. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Miaka michache baadaye alikuja Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, pamoja na mwanawe Michael. Waliruka juu ya nyika wakiwa na ndege iliyopakwa mistari ya punda milia, wakawahesabu wanyama, wakapiga filamu. Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka mwezi Januari 1959. Filamu yao, iliyosema kwamba Serengeti isife, ilitoka mwaka huohuo na kupewa tuzo ya Oscar mwaka 1960. Hatuna nia ya kuidharau kazi yao, wala msiba wa baba aliyempoteza mwanawe. Kazi ile ilifanywa kwa bidii na kwa mapenzi ya kweli kwa wanyama.

Lakini ilisema na nani? Ilimsemesha mtu aliyekaa katika ukumbi wa sinema huko Ulaya, katika miji iliyokuwa imebomolewa kwa mabomu na kujengwa upya, ambaye huenda asingeiona Afrika maisha yake yote. Mtu huyo hakuitwa aje kuua simba. Aliitwa aone huruma, atoe mchango, na aamini kwamba mahali pale ni mali ya ulimwengu mzima. Grzimek alishikilia kwamba hifadhi ya namna hiyo isikaliwe na binadamu, hata wenyeji wake. Na kwa kuwa msikilizaji mpya alikuwa ameahidiwa nchi isiyo na watu, mtu aliyeonekana ndani yake akawa doa katika picha.

Hatusemi kwamba filamu ndiyo iliyochora mipaka. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kubishana juu ya mipaka hiyo kabla ya ndege ile kutua, na Grzimek mwenyewe hakuridhika na namna ilivyokatwa. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, Wamasai waliokuwa wakiishi katika nyanda za Serengeti wakahamishiwa huko, na hifadhi ikapanuliwa upande wa kaskazini. Katikati ya miaka ya 1960 ikaongezwa Lamai, ile kabari ya ardhi iliyo kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya, jirani na Wakurya. Tunalosema ni kwamba filamu iliwapa watu wa mbali macho ya kuyatazama mambo hayo bila kuuliza swali. Kaburi la Michael Grzimek liko kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na la baba yake, aliyekufa mwaka 1987, liko hapohapo. Wageni huonyeshwa makaburi hayo, nasi hatuoni ubaya. Lakini ndani ya hifadhi yamo mahame ya watu wa magharibi, yamo na makaburi ya mababu zao, na hatujaona tangazo lililowahi kuyataja.

Msikilizaji wa tatu alikuja pamoja na Uhuru, naye ni mtalii wa ndege za abiria wengi. Mwezi Septemba 1961, kwenye mkutano wa Arusha juu ya hifadhi ya wanyama, Mwalimu Nyerere alitoa ahadi ya nchi yake kuwalinda wanyama wa porini. Inasimuliwa kwamba Mwalimu, mwana wa Butiama katika mkoa wetu huu wa Mara, alisema wazi kuwa yeye binafsi hakuwa na hamu ya kwenda likizo kutazama mamba, ila alitambua kwamba wako wageni wengi wenye hamu hiyo, na kwamba hamu yao ingeweza kuliletea taifa fedha. Huo ulikuwa ukweli wa kiongozi asiyejidanganya. Nchi changa ilihitaji fedha za kigeni kwa shule, kwa hospitali na kwa mitambo, na mgeni alikuwa nazo.

Huko Ujerumani, inasimuliwa pia, Grzimek alitangaza katika kipindi chake cha televisheni safari za bei nafuu za Afrika Mashariki wakati safari hizo hazikuwapo bado, mpaka wenye mashirika ya safari wakalazimika kuziandaa kwa sababu watu walikuwa wameanza kuziulizia. Mwaka 1969 tukaunda Shirika la Utalii Tanzania, na hoteli zikajengwa Seronera na Lobo. Tangazo likabadilika tena. Hofu ya mwindaji iliondolewa, huzuni ya filamu ikapunguzwa, pakawekwa kitanda, bwawa la kuogelea na mhudumu anayetabasamu. Mwenyeji aliyekuwa ameondolewa kwenye picha akarudishwa, lakini amerudishwa na sinia mkononi.

Wasomi wetu hawakunyamaza. Mwaka 1970 vijana wa TANU katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mjadala mkali katika gazeti la The Standard, wakiuliza kama utalii unaweza kukaa nyumba moja na Ujamaa. Walihofu kwamba taifa lililotoka kwenye utumwa wa kikoloni lingejifunza utumishi mpya wa kusujudia wageni. Wengine waliwajibu kwamba fedha za kigeni hazipatikani kwa nadharia. Tukiyasoma mabishano yale leo tunaona pande zote mbili zilikuwa na jambo la kusema, lakini zote mbili zilitazama mlango wa nje. Ziliuliza kama mgeni aje au asije. Swali la mlango wa ndani, yaani mwananchi ataambiwa nini juu ya nchi ile, na nani atakayemwambia, halikupewa uzito wake.

Wakati sisi tukibishana, jina la Serengeti lilikuwa limekwisha kusafiri bila sisi. Mwaka 1965 bustani ya tafrija ya Busch Gardens, katika mji wa Tampa huko Florida, ilifungua uwanda wa wanyama ikauita Uwanda wa Serengeti. Mwaka 1974 bustani nyingine ilifunguliwa Hodenhagen, Ujerumani, nayo ikachukua jina hilohilo. Mwaka 1994 ikatoka filamu ya vikaragosi ya Marekani, The Lion King, ambayo wanyama wake wamepewa majina ya Kiswahili, Simba, Rafiki, Pumbaa, wala binadamu hayumo ndani yake hata mmoja. Mwaka 1998 kampuni ya Disney ikajenga huko Florida kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki, kikaitwa Harambe, chenye maandishi ya Kiswahili kutani, na kando yake safari ya gari iliyopewa jina la Kilimanjaro.

Tazama basi jinsi msikilizaji alivyobadilika! Kutoka kwa mwanamume mwenye bunduki tumefika kwa mtoto mdogo anayekula askirimu. Mtoto wa Florida anasemeshwa juu ya Serengeti tangu hajajua kusoma, na anasemeshwa kwa maneno ya lugha yetu. Mtoto wa Robanda, kijiji kilicho kando ya hifadhi yenyewe, nani anamsemesha? Kiswahili kimekuwa pambo la ukuta katika kijiji kisichokaliwa na mtu, na hapa nyumbani vijitabu vizuri vya picha vinavyoieleza Serengeti aghalabu vimeandikwa kwa lugha za wageni. Tumefikia mahali ambapo Kiswahili kinatumika kumpendeza asiyekijua na kinaachwa pale ambapo kingemwelimisha anayekijua.

Msikilizaji wa nne ni mgeni wa fedha nyingi, tena wa kila bara. Mpaka kati yetu na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, watalii waliokuwa wakishuka kutoka Nairobi walikatika, na hata baada ya mpaka kufunguliwa mwaka 1983 ilichukua muda kurudisha soko. Mwaka 1981 UNESCO iliitia Serengeti katika orodha ya urithi wa dunia. Kuanzia miaka ya 1990, Bodi ya Utalii Tanzania iliposhika nafasi ya shirika la zamani, tangazo likaanza kutafuta wageni wanaolipa zaidi. Kambi za kifahari zikaenea, na katika Grumeti, pembeni mwa hifadhi, yako mahali ambapo malipo ya usiku mmoja yanazidi mshahara wa mwezi wa mwalimu anayesoma maneno haya. Mwezi Aprili 2022 filamu ya The Royal Tour, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe anamtembeza mwandishi wa Kimarekani katika nchi yetu, ilizinduliwa New York, kisha Los Angeles, ndipo ikaletwa Arusha. Mwaka 2024 filamu nyingine, iliyomshirikisha mwigizaji wa Kichina, ilizinduliwa Beijing. Hatuzilaumu juhudi hizo. Kiongozi wa nchi anapojitokeza mwenyewe kuitangaza nchi yake, angalau mwenyeji ndiye anayesema. Tunachotazama ni mfuatano wa vituo, New York, Los Angeles, Beijing, na tunauliza ni lini kituo kitakuwa Mugumu, au Tarime mjini.

Hapo tutajibiwa kwamba msikilizaji wa tano amekwisha kupatikana, naye ni mwananchi. Tutaambiwa kuhusu kampeni za utalii wa ndani, na kuhusu kiingilio ambacho kwa Mtanzania ni sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni. Ni kweli, na ni jambo la kushukuru. Lakini tuseme wazi kwamba sauti ya kampeni hizo hupanda zaidi pale mgeni anapokosekana. Mwaka 2019 watalii wa kigeni walioingia nchini walikuwa 1,527,230; mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, wakashuka hadi 620,867. Ndipo wengi wakamkumbuka Mtanzania. Mtu anayekumbukwa wakati wa njaa tu ni akiba ya ghalani; si mwenye nyumba.

Tena Mtanzania huyo anayesemeshwa ni yupi? Ni mfanyakazi wa mjini mwenye gari au mwenye uwezo wa kulikodi, aliye na siku za mapumziko na simu ya kupigia picha. Ameambiwa aje aone kile ambacho wageni wanakiona, kwa namna wanavyokiona, na asimame pale wanaposimama. Rangi ya msikilizaji imebadilika, lakini mahali pa kusimama ni palepale. Na mkulima wa Natta au mfugaji wa Nyanungu hata huko hajafika, maana hifadhi haitembelewi kwa miguu wala kwa baiskeli. Kiingilio kidogo hakimfai mtu asiye na gari la kuingilia.

Basi mwananchi wa wilaya hizi mbili anapata habari gani kutoka hifadhini? Kwa muda mrefu amepata habari za aina moja: usikate, usiwinde, usichunge, usivuke. Katika kata za Nyanungu, Gorong'a na Kwihancha wilayani Tarime, neno linalojulikana zaidi juu ya Serengeti ni kigingi, yaani jiwe la mpaka lililozua ugomvi wa miaka. Mgeni wa mbali anaandikiwa tangazo. Mwenyeji anaandikiwa onyo. Kisha tunashangaa kwamba mgeni anaipenda Serengeti na mwenyeji anaichukia!

Liko na neno jingine, zuri la kusikika, ambalo limetumika tangu Shirika la Hifadhi za Taifa lilipoanza kuwakaribia wanavijiji mwishoni mwa miaka ya 1980. Neno hilo ni Ujirani Mwema. Chini ya jina hilo madarasa yamejengwa na mambo mengi ya manufaa yametendeka, wala hatuyabezi. Lakini maneno yana uzito. Jirani ni mtu ambaye nyumba yake iko upande wa pili wa ua. Ukimwita Mwikoma jirani wa Serengeti umekwisha kumaliza shauri kabla ya kulisikiliza, kwa kuwa umekubali kwamba ndani ya ua si kwake na hakujapata kuwa kwake. Bora aitwe mrithi. Mrithi anaweza kukubali kwamba shamba la babu lisilimwe, litunzwe kwa faida ya taifa. Lakini analikubali jambo hilo kama mtu aliyeombwa na aliyeshukuriwa.

Wako watakaotupinga kwa kusema kwamba biashara haina utamaduni, kwamba anayetaka fedha lazima aseme na mwenye fedha. Wataongeza methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo tunaikubali, na ndiyo tunayotaka ipimwe. Mgeni amekuja, tena amekuja kwa miaka mingi. Je, mwenyeji amepona? Kuna vijiji, kama vile vitano vinavyounda Jumuiya ya Ikona, vinavyopata mgawo kutokana na utalii, na huo ni mwanzo mwema. Lakini kupona si fedha peke yake. Mtu aliyeshiba na hajui tena kueleza nchi yake ni nini, mpaka aisome katika kitabu cha mgeni, hajapona.

Wengine watasema kwamba tunataka kufungua milango ili mifugo na mitego viingie. Hatusemi hivyo. Tunaamini Serengeti ilindwe, na ilindwe sana. Ila tunataka ukweli wote usemwe. Nyumbu waliohesabiwa na akina Grzimek mwaka 1958 hawakufika 100,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita 1,000,000. Mojawapo ya sababu kubwa ni kwamba ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walichanjwa dhidi ya sotoka, na ugonjwa huo ukatoweka hata porini. Misafara ya nyumbu anayokuja kuitazama mgeni ilinenepeshwa, kwa sehemu, na sindano zilizochomwa katika mifugo ya wanavijiji. Tangazo gani limewahi kulisema hilo? Badala yake tunaambiwa kwamba ni maumbile matupu, na kwamba ng'ombe ni adui.

Upo pia utajiri ambao hakuna picha inayoweza kuuonyesha. Waikoma wana pembe za ndovu ziitwazo Machaba, walizozipata kwa Watatoga na kuziheshimu kama kitu kitakatifu. Wanata husimulia asili yao kuwa ni mwanamume mwindaji aliyekutana na mwanamke mkulima, na kutokana nao likatokea kabila. Koo za Wakurya zina wanyama wao wa heshima. Watu ambao tembo kwao ni ibada, na mnyama kwao ni jina la ukoo, wanawezaje kuambiwa kwamba mapenzi ya wanyama yaliletwa kwa ndege kutoka Frankfurt? Tukilinyamazia jambo hilo, kijana wa Mara atakua akiamini kwamba kuhifadhi ni elimu ya kigeni na kuharibu ni mila yake. Hiyo ndiyo hasara tunayoiogopa kuliko hasara ya mapato.

Tufanye nini basi? Kwanza, Serengeti ielezwe kwa Kiswahili, tena Kiswahili kilichofikiriwa na kuandikwa hapa, ambacho hakikutafsiriwa kutoka kijitabu cha wageni. Maelezo hayo yataje watu waliokaa mahali hapo, wakati walipohama na sababu ya kuhama kwao. Pili, kila mwanafunzi wa sekondari wa Tarime na Serengeti apelekwe hifadhini angalau mara moja kabla ya kumaliza masomo, kama sehemu ya mafunzo yake, kwa gari la umma, bila kusubiri fadhila ya mfadhili. Tatu, mzee wa Ikoma au wa Lamai asimame mbele ya wanafunzi hao, kando ya askari wa hifadhi, kila mmoja aeleze analolijua. Nne, filamu au tangazo lolote la taifa juu ya Serengeti lionyeshwe kwanza kwa watu wa mahali hapo. Wakicheka, watayarishaji waulize wanacheka nini.

Na mwalimu asingoje amri. Achukue tangazo moja tu la Serengeti, la gazetini au la ukutani, alibandike mbele ya darasa, awaulize wanafunzi wake: Ni nani anayesemeshwa hapa? Ameahidiwa nini? Ni nani ameachwa nje ya picha, naye yuko wapi saa hii? Ni jambo gani tunalolijua sisi ambalo mwenye tangazo hakulijua, au alilijua akalificha? Kisha kila mwanafunzi aende nyumbani, amwulize mtu mzima jina la kilima au la kijito kimoja kilichomo hifadhini, na maana ya jina hilo, aandike ukurasa mmoja kwa ajili ya mtoto mwenzake wa kijiji cha jirani. Huenda ukurasa huo usimlete mtalii hata mmoja, lakini utakuwa umeandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba. Madaftari hayo yahifadhiwe katika maktaba ya shule, kwa kuwa wazee wanaoyajua majina hayo hawatakuwapo siku zote.